Barua ya Wazi: Mama wa Mtoto Njiti Apewe Kitanda Ndani ya Wodi ya Mtoto Wake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Nakala kwa Makatibu Tawala wa Mikoa ya Dodoma na Singida, Waganga Wakuu wa Mikoa, Wakurugenzi wa Halmashauri na Waganga Wafawidhi wa hospitali za Kanda ya Kati.

YAH: KUPANUA HUDUMA YA KANGARUU KWA WATOTO WACHANGA WADOGO NA WAGONJWA

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa muuguzi mkunga mstaafu, mkazi wa Dodoma, niliyetumia sehemu kubwa ya utumishi wangu katika wodi za wazazi na za watoto wachanga za kanda hii. Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema ili msomaji mwenye shughuli nyingi asilazimike kulitafuta: kila hospitali inayolaza watoto wachanga wadogo na wagonjwa katika Kanda ya Kati iwe na vitanda vya mama zao ndani ya wodi hiyohiyo, ili mtoto abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, tangu saa za kwanza za uhai wake, mchana na usiku, kwa huduma tunayoiita kangaruu. Mengine yote nitakayoyaeleza hapa yanategemea kitanda hicho.

Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 67 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha kuwa idadi hiyo imeshuka hadi 43. Hayo ni mafanikio ambayo muungwana hawezi kuyabeza. Hata hivyo, katika tafiti hizohizo vifo vya watoto wasiotimiza siku 28 vilikuwa 25 kwa kila watoto 1,000, kisha vikawa 24. Chanjo, vyandarua na dawa vimewaokoa watoto waliokwisha kuvuka mwezi wa kwanza, lakini kichanga amebaki karibu palepale alipokuwa. Katika kipindi hichohicho akina mama waliojifungulia katika vituo vya afya na hospitali waliongezeka kutoka takribani asilimia 63 hadi asilimia 81. Tuliwahimiza waje, nao wakaja, wengine kwa bodaboda, wengine kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi barabara kuu. Maana yake ni kwamba watoto wanaofariki katika siku zao za mwanzo, wengi zaidi kuliko zamani, wanafariki ndani ya majengo yetu na chini ya uangalizi wetu, na hatuwezi tena kusema kwamba tatizo ni wazazi kuchelewa kuja. Lengo la dunia ambalo Tanzania imeliridhia linataka vifo hivyo visizidi 12 kwa kila watoto 1,000 ifikapo mwaka 2030. Tupo kwenye mara mbili ya hapo.

Sababu kubwa tunazijua: kuzaliwa kabla ya wakati na matatizo yanayoambatana nako, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, yaani njiti, mambo haya huja pamoja na kusukumana, na mara nyingi kinachoanza ni baridi. Mtoto wa kilo moja na nusu hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, ngozi yake ni nyembamba, na eneo la mwili wake ni kubwa mno kulinganisha na uzito wake, kwa hiyo hupoteza joto haraka kuliko anavyoweza kulizalisha. Joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5 huanza kutumia sukari na oksijeni aliyo nayo kujipasha, sukari hushuka, pumzi huwa ya shida, anaacha kunyonya, na asiponyonya anadhoofika na kushambuliwa na vijidudu. Muuguzi wa zamu anaweza kumkuta amelala kimya, akadhani ametulia.

Walio Dar es Salaam huenda wakaona suala la baridi limetiwa chumvi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wakazi wake wanajua usiku wa Juni na Julai ulivyo: upepo mkavu unavuma tangu jioni, na joto la nje hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Wodi zetu nyingi zilijengwa kwa kufikiria joto la Novemba, zikawekewa madirisha makubwa na nyavu. Usiku wa aina hiyo mtoto njiti aliyefungwa khanga mbili na kulazwa peke yake kwenye kitanda cha chuma anapoa, hata kama aliyemfunga alifanya kazi yake vizuri.

Huduma ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto. Daktari Edgar Rey Sanabria aliona watoto wakilazwa wawili wawili au watatu watatu katika mashine moja na kuambukizana, akaamua kuwarudisha kwa mama zao. Mtoto huvuliwa nguo, akaachwa na nepi, kofia na soksi, akawekwa wima katikati ya matiti ya mama, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuliwa kidogo ili njia ya hewa isizibe. Kisha wote wawili hufungwa pamoja kwa khanga au kitambaa maalumu. Kifua cha mama humpa mtoto joto lisilokatika umeme unapokatika. Mwendo wa kifua hicho na mapigo ya moyo humkumbusha mtoto kupumua, kwani njiti husahau. Ziwa liko karibu, maziwa hutoka mengi zaidi, na vijidudu anavyokutana navyo mtoto ni vya mama yake, ambavyo maziwa hayohayo yana kinga dhidi yake.

Haya yote wataalamu wa Wizara wanayafahamu, na nayaeleza kwa ajili ya wananchi watakaoisoma barua hii. Jambo ambalo nina shaka kama limewafikia wapanga bajeti ni lililobadilika katika miaka ya karibuni, nalo ni wakati wa kuanza.

Kwa miaka mingi tulifundishwa, nasi tukafundisha, kwamba mtoto aanze kangaruu baada ya kutulia. Alikaa kwanza kwenye mashine, akapewa oksijeni na dripu, na siku ya tatu, ya tano au ya saba, pumzi ikishakuwa nzuri, mama aliitwa. Tatizo ni kwamba vifo vingi vya watoto hawa hutokea kabla ya siku hizo. Kati ya mwaka 2017 na 2020 Shirika la Afya Duniani liliratibu utafiti katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako kituo kilikuwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kuanzia gramu 1,000 hadi gramu 1,799 waligawanywa katika makundi mawili: wa kundi la kwanza walianza kubebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla ya kutulia, na wa kundi la pili walisubiri watulie kama ilivyozoeleka. Katika siku 28 za kwanza walifariki asilimia 12.0 ya kundi la kwanza na asilimia 15.7 ya kundi la pili. Kwa hesabu rahisi, kwa kila watoto 27 waliobebwa mapema, aliokoka mmoja ambaye vinginevyo tungemzika. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba kamati huru iliyofuatilia usalama wa utafiti ilishauri usitishwe kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine.

Matokeo yalichapishwa Mei 2021, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo jipya: kila mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito pungufu aanze kangaruu mara moja baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa yule asiyeweza kupumua mwenyewe baada ya kusaidiwa, anayehitaji mashine ya kupumulia au aliye katika mshtuko wa mwili. Pendekezo hilo linahusu hospitali na nyumbani pia.

Naomba msomaji aangalie tarakimu moja zaidi ya utafiti ule, ambayo kwangu ndiyo yenye mafunzo zaidi kwa wasimamizi wa hospitali. Watoto wa kundi la kwanza, wakiwa katika wodi ya uangalizi maalumu, walibebwa kwa wastani wa karibu saa 17 kwa siku. Wale wa kundi la pili, saa moja na nusu. Saa 17 hazipatikani kwa kumhimiza mama. Zilipatikana kwa sababu katika hospitali zile, Muhimbili ikiwemo, kitanda cha mama kiliwekwa ndani ya wodi ya uangalizi maalumu, mama akahudumiwa humohumo na wakunga na madaktari wa uzazi waliomfuata alipo, na jamaa aliyemchagua mwenyewe akaruhusiwa kumpokea mtoto kifuani mama anapooga, anapokula au anapozidiwa.

Ni haki pia kusema kwamba utafiti mwingine uliofanyika katika hospitali za Uganda na kuchapishwa mwaka 2024 uliona kuwa kuanza mapema ni salama, lakini haukuonyesha tofauti ya vifo katika siku saba za kwanza. Sioni kwamba unaliondolea nguvu pendekezo la mwaka 2022. Ninaouona humo ni ushahidi kwamba huduma hii hufanya kazi kwa kadiri inavyotolewa, na kwamba matokeo ya hospitali moja hayahamii nyingine kwa kuhamisha waraka tu.

Hapa nina jambo linalonikera, na niruhusiwe kulisema. Kwa miaka mingi huduma ya kangaruu imenadiwa kwa viongozi kuwa ni huduma ya bei rahisi, inayofaa mahali pasipo na mashine. Walioinadi walikuwa na nia njema, lakini maneno hayo yameiumiza. Kitu cha bei rahisi hakiandikiwi bajeti. Mashine ya joto ina namba ya mali, ina fungu la matengenezo, na ikiletwa na wafadhili tunaizindua kwa kukata utepe. Mama hana namba, hana fungu, na wakati wa ukaguzi anahesabiwa kuwa msindikizaji. Tena wapo wanaoufanya urahisi huo kuwa kisingizio cha kutonunua vinavyohitajika. Mtoto aliye kifuani bado anahitaji oksijeni iliyopimwa, msaada wa kupumua kwa shinikizo la hewa, dawa za maambukizi, kipimo cha sukari, mpira wa kulishia na muuguzi anayempitia kila baada ya saa chache. Katika utafiti nilioutaja makundi yote mawili yalipata vitu hivyo. Kangaruu iliongezewa juu yake.

Sasa nieleze hali ninayoijua mimi, bila kutaja hospitali yoyote, kwa sababu haihusu hospitali moja. Mama anajifungua usiku mtoto wa kilo moja na gramu mia tatu. Mtoto anakimbizwa wodi ya watoto wachanga, na mama anapelekwa wodi ya wazazi, ambako analazwa kati ya wanawake wenye watoto waliotimia, wengine wakiwa wawili kitanda kimoja. Kama amefanyiwa upasuaji hatamwona mwanawe hadi kesho yake au keshokutwa. Akishaweza kutembea anaamka kila baada ya saa tatu, saa 9 usiku ikiwemo, anavuka uwanja kwenye upepo akiwa amejifunga kitenge, anakamua maziwa kwenye kikombe, anakabidhi, anamtazama mtoto kwa dakika kadhaa, kisha anaambiwa apishe kwa kuwa wodi ni ndogo. Baada ya siku mbili tatu anaruhusiwa yeye, kwa sababu yeye si mgonjwa tena, na mtoto anabaki. Tangu hapo hana kitanda popote. Mwenye ndugu hapa mjini, Chang'ombe au Nkuhungu, atapanga kwa ndugu. Aliyetoka Haneti, Farkwa au Mlali atalala kwenye veranda au kwenye benchi la kliniki hadi mlinzi amwondoe. Baadhi yao maziwa hukauka. Baadhi hurudi kijijini kwa siku mbili kuangalia watoto wengine na kuvuna mtama, na wakirejea wanaambiwa mtoto alishafariki.

Wodi ya namna hiyo haiwezi kutoa saa 17 wala saa 8, hata muuguzi wake angekuwa amefundishwa mara ngapi. Ndiyo maana naona mafunzo na mabango peke yake, ambayo tumekuwa nayo kwa miaka mingi, hayatatufikisha.

Kitanda ninachokiomba ni kitanda cha kawaida cha hospitali ambacho sehemu ya kichwa inainuka, kwa kuwa mama mwenye mtoto kifuani hulala akiwa ameegemea. Kiti cha kuegemea kinaweza kusaidia mchana, ila kiti cha plastiki hakifai hata kidogo. Hakuna binadamu anayeweza kukaa humo siku nzima huku mshono wa upasuaji haujapona. Karibu na kitanda kuwe na pazia, choo na bafu lenye maji ya moto, na sehemu ya kunawa mikono. Najua jibu la kwanza litakuwa nafasi. Katika hospitali za zamani nafasi itapatikana kwa kubomoa ukuta kati ya wodi ya watoto wachanga na chumba cha jirani, na mara nyingi chumba hicho ni stoo ya vitanda vibovu. Kwa hospitali mpya za halmashauri, ambazo Serikali imezijenga kwa wingi tangu mwaka 2018, tatizo ni ramani. Naiomba TAMISEMI iifanyie marekebisho ramani ya jengo la mama na mtoto kabla ya mafundi kuanza misingi mingine, ili chumba cha watoto wachanga kichorwe pamoja na vitanda vya mama zao tangu mwanzo. Kuchora upya ni rahisi kuliko kubomoa.

Sheria za wodi nazo ziangaliwe. Saa za kuona wagonjwa, yaani asubuhi saa 12, mchana saa 6 na jioni saa 10, ziliwekwa kwa ajili ya wageni, na mama wa kichanga si mgeni. Ninaiomba Wizara itoe waraka mfupi unaosema waziwazi kwamba mama, pamoja na jamaa mmoja aliyemchagua, hawafungwi na saa hizo na hawaondolewi wodini wakati madaktari wanapita. Wapo watakaouliza kuhusu maambukizi. Swali ni halali, na jibu lake ni kunawa mikono, mavazi safi na kutokubali msururu wa watu. Katika utafiti wa nchi tano maambukizi yaliyosambaa mwilini yalikuwa machache zaidi kwa watoto waliokuwa na mama zao.

Kuhusu jamaa huyo wa pili, tusifanye haraka kudhani kwamba lazima awe mwanamke. Shangazi na bibi ndio wa kwanza kujitolea, na bibi wa kwetu anajua kubeba mtoto kuliko sisi wenye vyeti. Lakini mama wa mapacha anahitaji kifua kingine, mama aliyepata kifafa cha mimba hawezi kubeba siku za mwanzo, na baba yupo nje ya geti na mfuko wa machungwa. Nimemwona mfugaji mrefu kutoka Chemba akifungua shati kwa aibu, akawekewa binti yake, akakaa bila kusogea hadi zamu ikabadilika, na siku ya pili hakuhitaji kubembelezwa. Kinachowazuia wengi ni mlango ulioandikwa kwamba wanaume hawaruhusiwi, na wodi isiyo na mapazia ambamo wanawake wengine wamevua nguo.

Mama naye ni mgonjwa, na katika mpangilio wetu wa sasa hana mwenyewe akiwa wodi ya mtoto. Muuguzi wa watoto hampimi presha, na mkunga hawezi kuacha wodi yake kumfuata. Lazima iandikwe, tena kwa jina la cheo, ni nani anayempitia mama huyo asubuhi na usiku, ni nani anayetazama mshono na damu, na jalada lake linakaa wapi. Bila hilo tutawaokoa watoto na kuwapoteza mama zao kwa kutokwa damu bila mtu wa kuwaangalia.

Kuhusu wauguzi sitarefusha. Ni wachache, jambo linalojulikana na kila mtu. Ninachoomba ambacho hakihitaji ajira mpya ni kwamba muuguzi aliyepata mafunzo ya watoto wachanga asihamishwe kwenda wodi ya majeruhi baada ya miezi mitatu kwa sababu tu ratiba ya mzunguko imefika kwake.

Rufaa ndiyo sehemu nyingine tunakopoteza watoto. Mfumo wa m-mama, wa usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, pamoja na namba yake ya simu 115, umesaidia gari kupatikana, na naupongeza kwa dhati. Sasa tuangalie ndani ya gari hilo. Kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 150, na magari yetu mengi hayana mashine ya joto ya safari. Mtoto aliyefungwa mablanketi na kushikwa na muuguzi hufika amepoa. Aliyefungwa kifuani kwa mama au kwa shangazi hufika na joto lake. Hili halihitaji fedha, linahitaji agizo: mtoto njiti asisafirishwe bila kifua cha kumbeba. Tatizo gumu zaidi ni mama aliyetoka kupasuliwa anapobaki hospitali ya wilaya wakati mtoto anapelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Hospitali ya kwanza iko chini ya TAMISEMI na ya pili iko chini ya Wizara ya Afya, na katikati ya ofisi hizo mbili mama na mwanawe wametenganishwa kwa siku kadhaa bila mtu yeyote kuona kwamba ni kazi yake kuwaunganisha. Ndiyo sababu nimewaandikia mawaziri wote wawili kwa pamoja. Naomba mkubaliane kwamba rufaa ya kichanga ni rufaa ya watu wawili, na kwamba hospitali inayompokea mtoto inampokea na mama, kitanda kwa kitanda.

Nikija kwenye fedha: sera yetu inasema huduma kwa wajawazito na kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma zitolewe bila malipo. Lakini mama anayekaa wodini wiki tatu au nne na mtoto anakula nini? Katika hospitali zetu nyingi chakula huletwa na ndugu, na ndugu wa mama aliyetoka Kwamtoro wako Kwamtoro. Mama asiyekula hatoi maziwa, na maziwa ndiyo dawa ya mtoto huyu. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa ili mama aliyejifungua mtoto njiti aongezewe likizo ya uzazi, baada ya miaka ya ushawishi wa taasisi ya Doris Mollel, inayotetea watoto njiti, na wengine, na ni hatua kubwa kwa walioajiriwa. Wanawake wengi wa mikoa yetu wanalima uwele, alizeti na karanga. Hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Kwao msaada ungekuwa sahani tatu za chakula kwa siku na nauli ya kurudi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kitita cha mafao yake kiseme wazi kwamba siku za mama kukaa wodini na mtoto aliyelazwa ni sehemu ya matibabu ya mtoto. Kabla bima haijawafikia wote, halmashauri ziingize vitanda na chakula hicho katika Mpango Kabambe wa Afya wa kila mwaka, kwa fungu linaloonekana. Kuyaweka chini ya matumizi mengineyo hakutoshi, kwani huko ndiko kunakokatwa kwanza.

Mtoto akiruhusiwa, huduma haijaisha. Anaweza kwenda nyumbani akiwa bado mdogo, mradi ananyonya, anaongezeka uzito na mama anajiamini, kisha aendelee kubebwa kifuani huko hadi mwenyewe aanze kukataa kwa kujinyoosha na kulia. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa mwaka 2024, wangeweza kupewa orodha ya watoto hawa kijiji kwa kijiji, wawatembelee katika juma la kwanza na kuangalia kama kangaruu inaendelea au mtoto amelazwa kitandani kwa sababu mama mkwe alidhani ni mambo ya hospitali.

Mwisho, hesabu. Rejista zetu za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, zina safu nyingi ambazo wauguzi huzijaza usiku wakiwa wamechoka, na sipendi kuwaongezea mzigo. Hata hivyo naomba mambo matatu yaandikwe kwa kila mtoto mwenye uzito chini ya gramu 2,000: joto lake alipoingia wodini, saa alizobebwa kifuani katika kila siku, na kama alitoka hai. Mambo hayo yasomwe kila mwezi katika kikao cha kujadili vifo vya watoto wachanga, Mganga Mfawidhi akiwepo yeye mwenyewe na si mwakilishi wake. Hospitali ambayo saa zake ni mbili kwa siku isiulizwe kwa nini wauguzi wake ni wazembe. Iulizwe ina vitanda vingapi vya mama.

Mkoa wa Dodoma pekee ulikuwa na watu zaidi ya milioni 3 katika sensa ya mwaka 2022, na Singida takribani milioni 2. Siombi kila kitu kifanyike mwaka mmoja. Ianze hospitali ya rufaa ya kila mkoa na hospitali moja katika kila halmashauri, katika bajeti ya mwaka ujao wa fedha, na ifikapo tarehe 17 Novemba, Siku ya Mtoto Njiti Duniani, wananchi waelezwe ni vitanda vingapi vya mama vimewekwa ndani ya wodi za watoto wachanga na katika hospitali zipi. Tupo wauguzi na wakunga wastaafu hapa Dodoma tulio tayari kuja kukaa na wauguzi vijana katika wodi zitakazoanza, hasa zamu za usiku, ambazo ndizo ngumu zaidi. Mtuandikie kupitia ofisi za Waganga Wakuu wa Mikoa, nasi tutakuja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi Mkunga Mstaafu,
Dodoma